Hukumu ya Kibandani: Sinema ya Anga Mbele ya Watu wa Eastlands

Mwezi wa Mei mwaka 2013 ilipotoka sinema ya Star Trek Into Darkness, ambayo ni ya pili katika silsila ile kongwe ya hikaya za anga tangu ilipofufuliwa mwaka 2009 kwa waigizaji vijana chini ya mwongozaji J. J. Abrams, wakosoaji wengi wa magazeti ya Marekani na Uingereza waliipokea kwa sifa, na mapato yake yakapita dola milioni 460 ulimwenguni, kiasi ambacho hakuna sinema ya silsila hiyo iliyokuwa imekifikia kabla yake. Walakini mwezi wa Agosti mwaka uo huo, mashabiki waliokutana Las Vegas katika kongamano lao walipoombwa kuzipanga sinema zote za Star Trek kwa daraja za ubora, waliiweka hiyo mkiani kabisa, wakaitia aibu ambayo waandishi wa habari za sinema wanaitaja hata leo.

Kadhia yao ilikuwa na vifungu vitatu. Cha kwanza ni udanganyifu: kabla ya sinema kutoka, watengenezaji walikuwa wamekana kwamba adui wake ni Khan, yule mbabe aliyeonekana kwanza katika tamthilia ya televisheni mwaka 1967, kisha akarudi katika sinema ya mwaka 1982 ambayo wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote, mtazamaji akaingia akiambiwa adui anaitwa John Harrison, akatoka akijua kwamba ni Khan yule yule, na Abrams mwenyewe baadaye akakiri kwamba ingalikuwa heri kusema kweli tangu mwanzo. Cha pili ni uigaji: mwaka 1982 Spock alikufa kwa mionzi akikiokoa chombo chao cha anga, naye Kirk, mkuu wake na rafiki yake, akabaki upande wa pili wa kioo akimlilia, mwaka 2013 mambo yakapinduliwa, Kirk akafa ndani na Spock akalia nje, hata ule ukelele mashuhuri wa kulitaja jina la adui ukahamishwa kutoka kinywa kimoja hadi kingine. Cha tatu ni nasaba: Khan Noonien Singh aliumbwa kuwa mtu wa Bara Hindi, na Ricardo Montalbán aliyemwigiza kwanza alikuwa Mmeksiko, ilhali safari hii aliletwa Mwingereza mweupe, Benedict Cumberbatch.

Malalamiko hayo siyabezi, kwani mtu aliyelelewa na hikaya tangu utotoni ana haki ya kuuliza imefanywa nini. Lakini ni malalamiko ya warithi, na warithi wakikutana aghalabu hukagua mali ya marehemu, hutazama kipi kimepungua na kipi kimebadilishwa, wasiwe na nafasi ya kuuliza jambo lililo kubwa zaidi, yaani kama kisa walichosimuliwa ni cha insafu au si cha insafu. Swali hilo la pili nimelisikia likiulizwa mahali ambapo hakuna aliyerithi chochote katika Star Trek, nako ni katika vibanda vya vidio vya Eastlands hapa Nairobi. Na hoja yangu leo ni kwamba hukumu ya vibanda hivyo ni uhakiki wa sanaa kwa maana yake kamili, na kwa sinema hii hasa ulikuwa uhakiki uliopenya kuliko ule wa Las Vegas.

Najua kwamba wasomi wengi wa mji huu watacheka. Imezoeleka kudhaniwa kwamba mtazamaji wa Dandora, Kayole au Huruma hatafuti ila ngumi na milio ya bunduki, kwamba akili yake imelegezwa na muvi zilizosimuliwa na DJ Afro, na kwamba haiwezekani mtu ahakiki sinema ambayo hata maneno yake ya asili hakuyasikia, kwa kuwa sauti ya msimulizi imeyafunika. Dhana hiyo haijui historia. Wajapani, enzi ya sinema zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza na kupamba, na watu walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi sawa na kwa ajili ya sinema. Dar es Salaam ilimpata Lufufu, aliyezitia sinema za kigeni Kiswahili kitamu hata kanda zake zikavuka mipaka. Kampala ina mavijei wake, miongoni mwao VJ Jingo. Nasi tuna DJ Afro, ambaye kwa Kiswahili kilichochanganywa na Sheng amezifikisha sinema za Marekani, China na India katika nyumba ambazo hazikuwahi kununua tikiti ya sinema ya mjini. Msimulizi wa namna hii humfundisha mtazamaji kwamba sinema hujibiwa. Akishaisikia sauti moja ikimzomea adui na kumtania steringi, yaani shujaa wa muvi, naye mtazamaji hupata idhini ya kusema lake, na kibanda kizima kikageuka baraza.

Mimi niliitazama sinema hii Dandora, miaka michache baada ya kutoka kwake, katika kibanda cha mabati chenye mabenchi ya mbao na kitambaa cheusi mlangoni, ambacho kiingilio chake kilikuwa shilingi 20, na ubao wake wa nje ulitaja muvi mbili za mchana na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, mechi ya jioni. Mlangoni alisimama muuza smokie na toroli lake, akichungulia ndani kila mlio ulipozidi. Kanda haikuwa na usimulizi. Kwa hiyo kijana mwenye mashine alijitwika kazi hiyo mwenyewe, akieleza pale alipoelewa na kubuni pale alipokwama, na watu wakimsahihisha bila haya.

Jambo la kwanza walilolikamata ni jina. Cumberbatch alipotamka kwa sauti yake nzito kwamba yeye ni Khan, benchi la nyuma liliangua kicheko, na mmoja akauliza, "Khan gani huyu sasa?" Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumsikia Montalbán wala kuiona sinema ya mwaka 1982. Lakini huu ni mji ambao jina hilo limeandikwa kwenye lango la hospitali kubwa, mji uliokua na sinema za Shah Rukh Khan na Salman Khan, mji ambao mafundi Masingasinga waliijenga reli yake na Joginder Singh akautia fahari kwa kushinda Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Mtu wa Nairobi hahitaji kitabu cha mashabiki kumjulisha kwamba Khan Singh mwenye sura ile ana walakini. Anamjua Khan na anamjua Singh kwa ujirani. Kosa ambalo wenzetu wa Marekani walilifikia kwa njia ya urithi, watu wa Dandora walilifikia kwa njia ya maisha, tena kwa maneno manne.

Jambo la pili ni damu. Nahodha Kirk anakufa, na daktari wa chombo anamfufua kwa damu ya Khan, ambayo ina nguvu ya kuponya kila ugonjwa. Kibandani hakuna aliyelia Kirk alipofumba macho, kwa sababu kanuni ya kwanza ya elimu ya pale ni kwamba steringi hafi. Walingoja kwa utulivu kuona atarudije. Aliporudi, bibi mmoja aliyekuwa amempakata mtoto alisema, "Kama damu inafufua watu, si wangemfufua yule mzee wa kwanza?" Alimkusudia Pike, mlezi wa Kirk, aliyeuawa mwanzoni. Nami nimesoma makala kadhaa za wakosoaji juu ya udhaifu wa tamati ya sinema hii, nyingine ndefu na zenye istilahi nyingi, wala sikuona iliyoutaja kwa ufupi na ukali kama huo: kifo kilichonunuliwa kwa bei rahisi hakimpi heshima aliyekufa, na dawa inayogawiwa nahodha peke yake ni dhuluma hata ikiwa ni dawa ya kubuni.

Jambo la tatu ndilo zito, na kwa ajili yake ndiyo nimeshika kalamu. Khan, kabla hajajulikana ni Khan, analipua jengo London, kisha anashambulia baraza la makamanda na kumuua Pike. Jemadari mkuu anampa Kirk makombora 72 na amri ya kwenda hadi mpaka wa dola ya adui, kumtafuta mtuhumiwa huyo mafichoni, kumpiga kwa mbali na kurudi zake. Spock anapinga, akisema kumuua mtu bila kumfikisha mahakamani ni kinyume cha sheria na ni kinyume cha maadili. Mhandisi Scotty anatakiwa kutia sahihi kuyapokea makombora ambayo hakuruhusiwa kuyakagua, anakataa, na anaiacha kazi yake. Mwishowe Kirk, ambaye alikuwa akiwaka kwa kisasi, anawatangazia mabaharia wake kwamba mtu yule atakamatwa na kuletwa mbele ya hakimu.

Kibandani, dakika hizo ambazo hazina ngumi hata moja zilitazamwa kwa makini kuliko vita vyote. Scotty alipotupa kazi, mzee mmoja wa mbele aligeuka akatuambia sote, "Huyo ndiye mwanamume. Hujui kilicho ndani, unaweka sahihi ya nini?" Na amri ya jemadari iliposomwa, kijana mwenye mashine aliifasiri hivi: "Wametumwa kama makarao, wamalizane na yeye huko huko, kotini asifike." Hakuna aliyecheka. Ndipo nikafahamu kwamba sinema ile, iliyotengenezwa na Wamarekani kwa mawazo ya Kimarekani juu ya vita vyao vya baada ya Septemba 2001, hata ikawekwa wakfu kwa askari wao wa vita hivyo, ilikuwa imeingia katika mtaa unaoijua kadhia hiyo kwa majina na kwa makaburi.

Maana Eastlands inalijua bomu na inaijua risasi isiyo na hukumu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya mji huu, zaidi ya watu 200 waliuawa, na wengi wao walikuwa wapita njia na wafanyakazi wa majumba ya jirani. Mwezi wa Septemba 2013, miezi minne tu baada ya sinema hii kutoka, ukaja msiba wa Westgate, jumba la maduka lililoshambuliwa na magaidi, uliochukua roho 67. Kisha Aprili 2014 ukaendeshwa msako katika Eastleigh, na Wasomali wengi, raia na wakimbizi, wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani kwa tuhuma ambayo kwa walio wengi haikuwa na ushahidi ila nasaba. Fauka ya hayo, vijana wa Mathare, Kayole, Dandora na Huruma wamekuwa wakiuawa na polisi vichochoroni kwa mwaka baada ya mwaka, hata Kituo cha Haki za Kijamii cha Mathare kikatoa ripoti mwaka 2017 kikiwaorodhesha waliokufa, ili wasiwe hesabu tu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda uhai katika kifungu cha 26, na katika kifungu cha 50 inamhesabu kila mtuhumiwa kuwa hana hatia hadi kesi ithibitishwe. Lakini mtu wa Eastlands ameona mara nyingi kwamba umbali kati ya kifungu na kichochoro ni mrefu. Alipomsikia Spock akitetea mahakama, hakusikia falsafa ya anga. Alisikia hoja ambayo mama wa jirani yake huitoa kila anapokwenda kituoni kuulizia mwanawe.

Si kwamba kibanda ni mkutano wa malaika. Mwaka uo huo wa 2017 picha ya vidio ilienea katika simu za watu wote, ikimwonyesha askari asiye na sare akiwapiga risasi vijana wawili Eastleigh, mchana kweupe na mbele ya umati, mmoja wao akiwa amelala chini. Na mitaa hii hii iligawanyika, wengine wakilaani na wengine, waliochoshwa na wizi wa kutumia bunduki, wakishangilia waziwazi. Kibandani nako yalitokea kama hayo. Walionyamaza kwa huzuni wakati wa amri ya jemadari walipiga makofi kwa kishindo Spock alipomfukuza Khan juu ya vyombo virukavyo na kumtwanga ngumi za hasira, na walinung'unika Uhura, mmoja wa maafisa wa chombo, alipowahi kumzuia asimuue. Lakini hapo ndipo palipo na thamani ya jambo lenyewe. Sinema ile imejengwa juu ya mpasuko huo huo, kati ya mtu anayetaka sheria na mtu yule yule anayetaka damu, na watazamaji wa Dandora waliuigiza mpasuko wote kwa midomo na mikono yao, wakauacha wazi kama ulivyo. Mashabiki wa Las Vegas walishughulika na swali la nani aliyetakiwa kulia nyuma ya kioo.

Atasema msomaji mmoja kwamba uhakiki bila ujuzi wa mapokeo ni uhakiki mwepesi, na kwamba asiyejua Khan wa mwaka 1967 hawezi kumpima Khan wa mwaka 2013. Hoja hii ina uzito wake, kwani mrithi huona mwizi mahali ambapo mgeni huona mali tu. Lakini wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara nyingi mgeni ndiye anayeuona ugonjwa ambao wenye nyumba wameuzoea. Isitoshe, si kweli kwamba sisi ni wageni kabisa katika hikaya hii. Tamthilia ilipoanza mwaka 1966, mwigizaji Nichelle Nichols, kwa maelezo yake mwenyewe, alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark inayohusu Kenya na iitwayo Uhuru, na kutokana na jina hilo akapatikana Uhura, afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi aliyeketi miongoni mwa wakubwa wa chombo wakati ambapo kwao jambo hilo lilikuwa nadra. Na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi hii. Basi kama ni urithi, sehemu yetu imo. Ila hatukuarifiwa, nasi hatukudai.

Nisingependa makala hii isomwe kama sifa za bure kwa mtu wa mtaani, kwa kuwa sifa za namna hiyo humwacha pale pale alipokuwa. Ninachokitaka ni vitendo. Watengenezaji wetu wa filamu wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza: Wanuri Kahiu alitupa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya mustakabali usio na maji, na Tosh Gitonga akatupa Nairobi Half Life mwaka 2012, ambayo haikuogopa kuonyesha vijana wakiuawa na polisi bila kesi. Filamu za daraja hilo hufunguliwa kwa taadhima katika majumba ya maduka makubwa na katika vituo vya utamaduni vya mabalozi, zikapigiwa makofi na watu waliokwisha kukubaliana nazo, kisha zikafika Eastlands baada ya miaka, katika kadi ya simu ya mtu aliyezinakili. Kaloleni ina ukumbi wa jamii tangu zama za ukoloni, Makadara ina wake, na mitaa mingine ina kumbi za kanisa na za kaunti zinazolala tupu siku nyingi za juma. Filamu ya Kikenya na ionyeshwe huko kwanza, kwa shilingi 20 au 50, na aliyeitengeneza akae benchi la nyuma asikilize, asisimame kueleza alikusudia nini.

Na magazeti yetu, likiwamo hili, yanapotenga ukurasa wa sinema, aghalabu hutafsiri maoni ya wakosoaji wa New York na London juu ya sinema ambazo watu wa Umoja na Kariobangi wamekwisha kuzitazama na kuzihukumu. Mwandishi wa ukurasa huo atoke. Aingie kibandani na daftari, alipe kiingilio kama watu, aandike anayoyasikia pamoja na jina la sinema na siku ya kuonyeshwa, na wanafunzi wa Kiswahili na wa sanaa katika vyuo vikuu vyetu wakusanye maandishi hayo na kanda za wasimulizi kabla hazijapotea, kwa sababu flashi hufutwa kila wiki na vibanda vinafungwa kimoja baada ya kingine tangu muvi zilipohamia simuni. Yule bibi aliyeuliza habari ya damu, na yule mzee aliyemsifu Scotty, hawakuwa wakipitisha wakati tu. Walitoa hukumu na wakaitolea sababu, na hukumu yenye sababu, itoke kiti cha hakimu au benchi la mbao, inastahili kuandikwa na kujibiwa.